Ureno Wangu wa Mandewa

Kabla sijawa Mnyaturu nilikuwa Mreno. Ureno huo niliukaa miaka miwili na ushee, pale Mandewa, Singida, bila pasipoti na bila kuvuka hata Manyoni, na sitaki kusema uongo, ulinikaa vizuri.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Sabuni zilirudi madukani za kila rangi na kila harufu, hadi watu wakawa wanaoga mara nne kwa siku ili wasipitwe. Mimi nilikuwa nauza mitumba sokoni, upande wa magauni. Nilikuwa nimeachika kwa amani, tena tuligawana vyombo huku tunacheka, nikahamia Mandewa kwenye chumba na sebule, katika mtaa ambao hakuna hata kuku aliyenijua. Mtu asiyejulikana ana uhuru mkubwa sana. Wenzangu huutumia kupumzika. Mimi niliutumia kuzaliwa upya.

Jioni nilikuwa nasoma. Sisi watu wazima tuliokosa shule mchana tulikusanyika kwenye madarasa ya shule ya msingi, tukakaa kwenye madawati ya watoto wa miaka saba, magoti yakiwa yamepita masikio. Mwalimu wetu alikuwa kijana mpole mwenye koti moja, na alifundisha kila somo kwa sababu hakukuwa na mwingine. Siku ya historia alitueleza kwamba hapo kale Wareno walifika pwani yetu, wakajenga ngome, wakagombana na kila mtu, wakaondoka. Siku ya lugha akatueleza kwamba Kireno na Kihispania ni watoto wa mama mmoja, Kilatini. Wenzangu waliandika wakafunga daftari. Mimi nikaanza kuunganisha.

Babu yangu mzaa baba alitoka pwani. Wareno walifika pwani. Wareno ni Walatini. Na pua yangu haikuwa pua ya kawaida. Ilianza kuota nilipokuwa msichana, ikarefuka, ikawa nyembamba, na katikati ikapinda kidogo kama mtu aliyebadili mawazo akiwa njiani. Kwa miaka mingi nilikuwa najiuliza pua hii imetoka wapi. Sasa nilikuwa na jibu. Nilitoka darasani nikiwa muuza mitumba, na nilipofika mlangoni kwangu nilikuwa Mlatini kamili.

Ushahidi nilikuwa nao sebuleni: mbuzi ya kukunia nazi aliyoiacha babu. Niliitandikia kitambaa cha kufuma na kuiweka karibu na redio, mahali ambapo wenzangu huweka picha ya harusi. Ilikuwa kigoda cha mviringo, kizito, chenye miguu mitatu, na mbele yake umechomoza ulimi wa chuma wenye meno. Siku moja mteja wangu mmoja, mwenyeji wa Tanga, alikuja kujaribu gauni, akaiangalia kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kwa upole kile ni kitu gani. Nikamwambia ni mbuzi ya zamani sana, ya kabla watu hawajavumbua zile za kukunja. Akanyamaza. Ukimya wake nikauhesabu kuwa ni heshima.

Nazi zenyewe zilikuwa zinakuja Singida kwa lori, na bei yake ilikuwa ya kumfanya mtu atubu. Nilinunua moja tu kwa mwaka, wakati wa Idi, na siku hiyo nilikuwa nakuna nazi milango yote ikiwa wazi, kwa nguvu, ili sauti ifike nyumba ya nne.

Kilichoukomaza Ureno wangu hasa ni video. Jirani yangu mmoja, mama wa Kinyiramba mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa kuliko mwili, alikuwa na mume dereva wa lori la Dar es Salaam. Kila safari mume huyo alirudi na kanda walizomrekodia huko mjini, tamthilia kutoka Meksiko, watu wake wazuri mno, wanalia kila dakika, na maneno wamewekewa ya Kiingereza. Jumamosi baada ya alasiri wanawake wa mtaa tulijaa sebuleni kwake, kila mtu na mkeka wake. Tulikuwa kama kumi na tano. Nikisimulia huwa nasema hamsini.

Katika hao hamsini hakuna aliyejua Kiingereza isipokuwa mimi, mtu wa shule ya jioni. Wakanifanya mkalimani. Nilipewa nafasi ya mbele karibu na kioo, chai ilianza kwangu, na mama mwenye video akawa ananiita Mwalimu.

Sasa niseme ukweli, maana umri umekwenda. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa na maneno manne ya uhakika: mpenzi, mama, hospitali na kamwe. Kwa maneno hayo manne nililisha mtaa mzima kwa miaka miwili. Wakilia, nasema mahari imekataliwa. Wakigombana, nasema ni shamba la urithi, upande ule wa mtoni. Mzee mmoja mwenye sharubu alikuwa anasaini karatasi kila mara, nikasema anagawa ng'ombe. Wanawake walishangaa sana kuona kwamba Meksiko, pamoja na magari yote yale, mambo yao ni haya haya ya kwetu.

Shujaa wetu alikuwa msichana mmoja wa gauni jekundu lenye marinda. Kila kanda ilikuwa lazima anyanyue kidevu na kuwaambia matajiri kwamba yeye ni Latina. Neno hilo nililisikia wazi, sikulitunga. Alikuwa anajigamba kwa damu yake, kwa kijiji chake, na kwa bibi yake mzee aliyekuwa anakaa jikoni amejitanda mtandio mweusi. Alipolitamka tu, wanawake wote walikuwa wananigeukia mimi, kwa maana nilishawaambia habari za babu wa babu, nahodha wa meli ya Kireno, na habari za pua. Nilipofungua robota moja la mitumba nikakuta gauni jekundu la marinda matatu, sikuliuza. Nililivaa kila Jumamosi.

"Kwa hiyo wewe na huyu mtoto ni ndugu," mama mwenye video aliniuliza siku moja.

"Wa mbali," nikasema, nikainamisha macho kwa unyenyekevu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiishi, mtu wa heshima zangu, mpaka bibi alipokuja.

Huyu ni mama yake baba yangu, Mnyaturu wa Mtinko, mke wa yule yule babu wa pwani. Babu alipofariki alirudi kwao kulima uwele na kufuga. Ndiye aliyenilea hadi nikafika miaka minane. Nilikijua Kinyaturu kabla ya kujua neno lolote la Kiswahili, na nikiota ndoto mbaya hadi leo huwa napiga kelele kwa Kinyaturu. Hayo yote pale Mandewa nilikuwa sijapata nafasi ya kuyagusia.

Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Kwa miaka kama kumi alikuwa anatuona sote kama moshi. Zikaja habari kwamba daktari wa macho angefika hospitali ya mkoa baada ya wiki mbili kupasua watu, na yeye ameandikwa. Akashuka kutoka Mtinko kukaa kwangu kumsubiri. Alishuka na jogoo aliyefungwa miguu, kibuyu cha samli, mfuko wa unga wa uwele, na fundo la kanga lenye mlenda wa kukausha ambao ungetosha kulisha kikosi cha jeshi.

"Mke mwenzangu," aliita akiwa bado mlangoni, anapapasa kizingiti kwa fimbo. "Umeniachia mume kaburini ukaja kustarehe mjini?"

Ndiyo utani wetu. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa hiyo bibi na mjukuu ni wake wenza, wana ruhusa ya kusemana wanavyotaka. Nikamshika mikono, tukacheka, nikamwingiza ndani haraka. Haraka hiyo yeye aliidhania ni furaha.

Siku hizo za kwanza tulikula ugali wa uwele na mlenda madirisha yakiwa yamefungwa. Mlenda nilikuwa naula kwa raha zote, nasikia ukiteleza kooni nakumbuka utoto wangu wote, na nikimaliza nilikuwa nachoma udi nyumba nzima, ili mtu akibisha hodi akute harufu ya Ureno.

Ikafika Jumamosi. Bibi alikuwa amesikia mambo ya video, akataka kwenda. Haoni, alisema, lakini masikio yake hayana mtoto wa jicho. Nikatafuta sababu ya kumwacha nikaikosa. Nikavaa gauni langu jekundu, nikamshika mkono, tukaenda.

Wanawake wote walimpa shikamoo yake, mmoja mmoja, akaitikia marahaba mpaka akachoka. Akapewa mto. Halafu mama mwenye video akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, bibi huyu ni nani wako?"

Nilikuwa na sekunde moja. Katika sekunde hiyo niliyaona marinda yangu matatu, nikamwona nahodha, nikaona ile nafasi ya mbele na chai inayoanzia kwangu. Bibi alikuwa amekaa na kanga yake iliyopauka, miguu imepasuka kwa udongo wa Mtinko, ananuka samli.

"Alikuwa mpishi wa marehemu babu," nikasema. "Sisi ndio tunamtunza."

Nilijipa moyo kwamba hajaelewa. Sisi wawili tulizungumza Kinyaturu siku zote, na sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili zaidi ya salamu na bei ya chumvi. Mtu aliyekuwa anaongoza darasa la jioni kwa kujibu maswali alisahau kitu kimoja kidogo: mwanamke huyu alilala na Mswahili wa pwani kitanda kimoja kwa miaka arobaini.

Bibi alisikiliza kanda hadi mwisho, akamshukuru mwenye nyumba, tukarudi.

Kesho yake asubuhi nilipofungua mlango wa chumba nilimkuta amesimama nje yake. Uani pameshafagiwa, sijui kwa macho gani. Maji ya kuoga yapo tayari. Alikuwa amekunja magoti kidogo, ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hakukulia kwetu. Shikamoo hupanda, haishuki. Toka nizaliwe sikuwahi kumwona mzee akimwamkia mtoto, kama ambavyo sijawahi kuona mvua inatoka ardhini kwenda juu. Kuitikia marahaba nisingeweza, ningeungua ulimi. Kumrudishia shikamoo nilishachelewa. Nikachukua mfuko wangu nikakimbilia sokoni bila kuoga, na maji yale yakapoa.

Wiki nzima ikawa hivyo. "Mama, chai niiweke wapi?" "Mama, naweza kukaa?" Hakula tena na mimi mkekani, alikula jikoni kama walavyo wafanyakazi katika nyumba zisizo na adabu. Mlenda akawa anaupika milango ikiwa wazi, na ukitaka kujua nguvu ya mlenda, harufu yake inafika mbali kuliko sauti ya mbuzi ya nazi. Neno mke mwenzangu lilikufa. Sikujua kama neno linaweza kuacha nyumba ikawa tupu namna ile.

Jumatano nikashindwa. Nikaingia jikoni, nikachuchumaa mbele yake nikamwambia, "Bibi, nisamehe."

"Mpishi haombwi msamaha na tajiri wake," akajibu, akaendelea kusonga ugali. Kisha akanieleza kwa utulivu kwamba Jumatatu anapanda lori la Mtinko anarudi nyumbani.

Nikamkumbusha kwamba daktari anafika Alhamisi yake, siku tatu tu baada ya lori hilo. Akikosa safari hii hatujui nyingine ni lini, na kutoka moshi atafika gizani. Nikamwambia, bibi, macho.

"Macho ya kumwona nani?" akaniuliza.

Nikatoka uani nikakaa juu ya beseni lililopinduliwa. Mimi ni mtu wa maneno, nina maneno ya kila mteja, hata gauni lenye tundu nimeshaliuza kwa maelezo. Lakini msamaha wa jikoni ulikuwa hauna uzito, kwa sababu tusi nililitolea sebuleni kwa watu. Nilijua ni wapi pa kwenda kulifuta, na ni mbele ya nani. Ningepoteza nafasi ya mbele, ningepoteza Mwalimu, ningepoteza nahodha na meli yake. Kwa upande wa pili wa mizani kulikuwa na macho mawili ya mzee. Nasikia aibu kusema kwamba nilipima hadi Ijumaa.

Jumamosi nikamwomba aje nami kwa mara ya mwisho. Alikubali, ila alikuja kwa cheo nilichompa. Nilipotoka mlangoni nilikuta ameshaukunja mkeka wangu ameubeba kichwani, anataka kunifuata nyuma hatua tatu. Nikamwomba aniachie niubebe. Akakataa. Tukapita mtaa mzima hivyo, mimi na marinda mbele, nyuma mzee asiyeona, mkeka kichwani, fimbo inagonga mawe, na watu wanatoka kwenye vibaraza kutuangalia. Nimetembea safari nyingi maishani. Ile ya mita mia mbili ndiyo ndefu kuliko zote.

Kanda ilipoanza, kwa bahati, msichana wa gauni jekundu alikuwa jikoni na bibi yake. Walichokuwa wanazungumza anakijua Mungu. Mimi nikafungua kinywa.

"Anasema, bibi, nimekosa."

"Amekosa nini tena?" mama mwenye video akauliza. "Juzi si alikuwa hospitali?"

"Alimkana bibi yake."

"Lini? Mbona hatukuona?"

"Ni kwenye kile kipande kilichokatika," nikasema. "Aliulizwa na watu, huyu ni nani wako, akasema ni mpishi. Akasema hivyo kwa sababu alikuwa amevaa vizuri."

Tatizo ni kwamba kwenye kioo msichana alikuwa anacheka sana, tena anakula keki.

"Na mbona anacheka?"

"Ni aibu. Huko kwao aibu huchekewa." Jasho lilikuwa limeanza kuloanisha marinda. Nikaona bora niende mbio. "Anasema, bibi, wewe ndiwe uliyenilea. Ulikuwa unanifunika kwa kanga yako ukilala na baridi. Usiende na lori la Jumatatu. Anasema kule Mtinko hakuna daktari wa macho..."

"Meksiko nako kuna Mtinko?" akauliza mama mmoja wa nyuma, kwa nia njema kabisa.

Hakuna aliyecheka. Mama mwenye video akainuka na mwili wake wote, akaenda akaizima video. Kioo kikawa cheusi. Akageuka akaniangalia, mikono kiunoni.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Sasa tafsiri bila picha."

Nikasimama. Nikawaambia kwamba bibi huyu hakuwa mpishi wa mtu, ni mama aliyemzaa baba yangu, na mimi ni Mnyaturu wa Mtinko niliyekuzwa kwa mlenda. Nahodha hakuwepo. Ureno niliuokota darasani. Na kwa kuwa nilishaanza kumwaga, nikaona nimalizie kabisa, nikawaambia kwamba hata Kiingereza sikijui, najua maneno manne.

"La Kiingereza tunalijua," mama mwenye video akasema. Kumbe binti yake wa sekondari ya bweni alikuwa amewaambia tangu likizo ya mwaka uliopita kwamba kwenye zile kanda hakuna ng'ombe hata mmoja. "Tulinyamaza kwa sababu hadithi yako ni tamu kuliko yao. Lakini hili la kumvisha mzee upishi hatukulijua. Hilo limalize na mwenyewe."

Nikapiga magoti mbele ya bibi, gauni likachanika mshono wa pembeni, nalikumbuka lile pasuko. "Shikamoo, bibi," nikasema.

Hakuitikia. Aligeuza uso wake upande walipokuwa wanawake, akakohoa kidogo, kisha akaanza kusema Kiswahili. Si hiki chetu cha bara cha kukata mkato. Kilikuwa Kiswahili cha babu, laini, kimenyooka, kila neno limekaa mahali pake kama vikombe kabatini. Mimi ndiye niliyekuwa nikijifanya mtu wa pwani, na hapo nilikuwa nasikia pwani yenyewe ikitoka kwenye kinywa cha mwanamke wa Mtinko.

"Mpishi alikuwa mume wangu," alisema. "Alikuja huku na Mwarabu muuza nguo, akimpikia pilau. Mimi kupika kwangu ni mlenda, na hata huo yeye alisema nauharibu."

Wanawake wakacheka, naye akawasubiri wamalize. Akawahadithia kwamba babu alipomwoa alikuwa kila siku anasema anarudi kwao, mwezi huu, mwezi ujao. Alikuwa mpweke. Alichokililia zaidi ni nazi. Baba yake bibi, mtu aliyechonga vigoda na mizinga ya nyuki na ambaye hajawahi kuona nazi wala bahari, alimwonea huruma mkwewe. Akamwita, akamwambia amweleze hicho chombo cha kukunia kilivyo. Babu akamweleza kwamba ni kitu cha kukalia, chenye ulimi wa chuma mbele.

"Baba akasema, kitu cha kukalia mimi nakijua," bibi alisema. "Akachonga kigoda cha kwetu, miguu mitatu. Mhunzi akatoa ulimi kwenye jembe lililokwisha. Mume wangu alipoletewa alicheka hadi akakaa chini, kisha akalia. Nazi haikuja. Akawa anakunia maboga. Lakini toka siku hiyo sikumsikia tena akisema anarudi kwao."

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mteja wangu wa Tanga na ukimya wake. Miaka miwili nilikuwa nimeweka kigoda cha Kinyaturu kwenye kitambaa cha kufuma, nikawaambia watu ni pwani. Na sikuwa nimekosea sana. Ila niliuacha nje mkono uliokichonga.

Bibi akashusha uso, akanitafuta kwa mkono, akanipata begani.

"Marahaba, mke mwenzangu," akasema kwa Kinyaturu, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wenzetu wasikose. "Na mkeka wako utaubeba mwenyewe."

Mama mwenye video akairudisha chai jikoni ikapashwe. Kikombe cha kwanza safari hii kilianzia kwa bibi. Mimi nilipelekwa nyuma karibu na mlango, nikapewa cha mwisho, chenye majani. "Mtani wangu," aliniambia akinipa, maana Wanyiramba na sisi ni watani, "miaka miwili unakunywa chai yangu kwa Ureno. Ungesema wewe Mnyaturu ningekupa maji." Kisha akaniambia nirudi mbele nitafsiri, kwa maana picha bila ng'ombe haina maana.

Jumatatu lori la Mtinko liliondoka bila bibi. Alhamisi daktari alimpasua jicho la kulia, na Ijumaa asubuhi muuguzi akaja kumfungua bandeji. Nilikuwa nimeinama mbele yake, kwa sababu nilitaka niwe kitu cha kwanza atakachokiona. Tabia ya kupenda nafasi ya mbele haiishi siku moja.

Alipepesa, akatokwa machozi, akapepesa tena. Akaniangalia kwa muda mrefu sana. Mara ya mwisho alipouona uso wangu vizuri nilikuwa msichana mdogo. Akainua kidole akanigusa katikati ya pua, pale panapopinda.

"Hii ni pua ya baba yangu," akasema. "Hivi hivi, na hapa kwenye kona."

Nikapoteza ngome zote na meli zote, pale pale juu ya kitanda cha hospitali. Lakini mimi sikati tamaa upesi. Nikamuuliza kama pengine huyo baba yake katika ujana wake aliwahi kutembea, akafika pwani, akakutana na watu.

Bibi akafikiri. Akasema baba yake hakuwahi kuvuka hata Manyoni.

Nikamwambia hata mimi.